Tupeane uzoefu: Ni lini uliacha kuulipia wokovu uliopewa bure?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo tunalolikiri kila mara, lakini ambalo wengi wetu tunachelewa kuliamini kwa moyo: kwamba tumeokolewa kwa neema peke yake. Naanza na langu.

Kwa miaka 6 baada ya kuokoka nilikuwa na daftari ambalo kila ukurasa wake niliugawa kwa rula. Kushoto niliandika siku nilizofunga na sura nilizosoma. Kulia niliandika makosa. Jioni ambayo upande wa kulia ulizidi, nililala bila kuomba, kwa maana niliona sina uso wa kusimama mbele za Mungu. Waefeso 2:8-9 nilikuwa nikiijua yote, hata yale maneno "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu". Kilichonifumbua macho ni Warumi 4:4, pale Paulo anaposema kwamba ujira wa afanyaye kazi hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Nikatambua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika madai, na mdaiwa ni Mungu. Usiku ule niliomba huku upande wa kulia umejaa, na ndiyo sala ya kwanza ninayokumbuka kuiomba bila kujitetea.

Mchangiaji wa kwanza

Baba yangu alimpokea Kristo akiwa kitandani, wiki 2 kabla ya kufariki. Nakiri kwamba niliona uchungu, mimi niliyetumika kanisani tangu ujana, kama wale wa mfano wa Yesu wa shamba la mizabibu, waliofanya kazi tangu asubuhi wakachukua dinari sawa na walioingia saa kumi na moja. Siku moja, nikimlowesha midomo kwa pamba, aliniuliza, "Mwanangu, nitampa nini sasa, nami hata mkono siwezi kuuinua?" Nikamsomea habari za mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, ambaye hakupata nafasi ya kubatizwa wala ya kurekebisha lolote, naye akaambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Baba akasema, "Rudia." Niliporudia, sauti ilinikatika, kwa sababu nilielewa kwamba hata mimi sina mlango mwingine.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni Mkatoliki, na mwenzangu wa ndoa ni Mlutheri. Nilidhani suala hili ni ugomvi usio na mwisho ulioanza na Martin Luther mwaka 1517, mpaka tuliposoma pamoja Tamko la Pamoja la Wakatoliki na Walutheri kuhusu kuhesabiwa haki, lililotiwa saini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, ambamo pande zote mbili zinakiri kwamba Mungu anatukubali kwa neema tu, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Tofauti hazijaisha, na nyumbani bado tunajadiliana, ila sasa tunaomba pamoja.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niliielewa vibaya. Nilikuwa na deni la ndugu yangu, nikajiambia kwamba Mungu ameshasamehe yote. Ni aya ya 10 ya sura ileile ya Waefeso iliyonishtua, kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Nimelilipa. Sikulipa ili nisamehewe.

Mwanzisha mada

Asante, ndugu, hasa kwa sentensi hiyo ya mwisho. Ningependa sasa kumsikia yule ambaye hata leo analala bila kuomba.