SOAS au Edinburgh: wapi pa kusomea uzamili wa mashairi ya kale?

BintiPangani: Habari zenu wadau. Natafuta uzamili Uingereza, nia yangu ni mashairi ya kale ya Mombasa na Lamu. Nimebakiwa na vyuo viwili: SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London, na Edinburgh kule Uskoti. Nina mtoto wa miaka minne. Waliosoma huko naomba mnisaidie kupima.

MzeeKaloleni: SOAS, binti yangu, usisite. Maktaba yao ina makaratasi ya W. E. Taylor, mmisionari aliyekusanya mashairi ya Muyaka, mshairi wa kale wa Mombasa, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Unajaza fomu, unaletewa maandishi yenyewe, mengine kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia lakini mkono wa mwandishi unauona. Ukikwama kwenye neno, Kiswahili kinafundishwa chuoni hapohapo, una wa kumuuliza. Maktaba ya Uingereza nayo unaifikia kwa miguu.

KakaGeorgeSquare: Shikamoo mzee. Hilo la Taylor sikupingi, ila baadhi ya miswada ya SOAS imeshawekwa mtandaoni, unaisoma popote. Edinburgh ina Kituo cha Masomo ya Afrika tangu 1962, na Mwalimu Nyerere alisoma chuo hiki 1949 hadi 1952. Maisha ni ya karibu karibu: mihadhara George Square, Msikiti Mkuu hapo Potterrow, Maktaba ya Taifa ya Uskoti mwendo mfupi. Kodi ya chumba si ndogo, lakini London inauma zaidi. Kitu cha kujiandaa nacho ni Desemba: jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na wengi huingiwa na upweke.

MzeeKaloleni: Marahaba. Hiyo Maktaba ya Taifa ina nyaraka za misheni ya Uskoti huko Kikuyu na Tumutumu, bara ya Kenya. Ni hazina kwa mwanahistoria wa bara. Binti anatafuta Muyaka.

MamaWawili: Jamani, mbona mtoto mmemruka? Dada, tangu Januari 2024 visa ya uzamili wa kozi za darasani hairuhusu kuleta mwenza wala mtoto. Uzamili wa utafiti unaruhusu, na Edinburgh wanao wa masomo ya Afrika. Ila ada ya huduma ya afya utamlipia na yeye pia, kwa mkupuo, kabla ya kusafiri. Na kiwango cha akiba kinachotakiwa benki ni kikubwa zaidi kwa anayesoma London.

BintiPangani: Asante sana dada, hilo la visa sikulijua kabisa, na mtoto simwachi. Mzee, je, SOAS nao wana uzamili wa utafiti kwa upande wa fasihi ya Kiswahili?

MzeeKaloleni: Mwandikie mhadhiri wa Kiswahili moja kwa moja, kabla hujalipa senti. Mtumie ukurasa mmoja: shairi gani, mswada upi, swali lako ni lipi. Na wa Edinburgh mwandikie vilevile. Atakayekujibu kwa kulijadili shairi, huyo ndiye msimamizi wako.