Maua ya vuli ya marehemu mama: nivihamishe lini vitunguu vyake kutoka Kibosho kuja Arusha?

BintiKibosho

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Marehemu mama yetu aliacha maua kihambani (shamba letu la nyumbani) Kibosho, pembeni ya masale, ile mimea ya mpakani, chini ya migomba. Ni yale mekundu ya duara. Mvua za vuli zikianza yanachomoza ardhini yakiwa na shina moja nene lenye madoadoa, na juu yake kichwa cha nyuzinyuzi nyekundu kinachojaa viganja viwili. Majani huja nyuma. Nyumbani tuliyaita maua ya mvua. Mama alipewa na mama yake alipoolewa, akavibeba vile vitunguu kwenye kikapu kimoja na mche wa mgomba. Vimekaa pale zaidi ya miaka 50.

Sasa kaka yetu anajenga, na njia ya gari itapita hapohapo. Simlaumu, amenipa taarifa mapema nikachukue ninachotaka. Tumezaliwa watano, na kila mmoja anataka japo kimoja.

Shida ni kwamba mwaka jana nilijaribu nikaharibu. Nilisoma kwenye simu kuwa vitunguu vya maua hugawanywa na kupandwa msimu wa vuli. Nikajua ndiyo vuli yetu hii. Novemba nikapanda gari mpaka Kibosho, nikachimba sita vikiwa vimechanua, nikaja kuvipanda hapa kwangu Sakina karibu na bomba ili nivimwagilie kila jioni. Januari nilipofukua, vinne vilikuwa uji. Ukikibonyeza kidole kinazama, na kinanuka kama kitunguu kilichosahaulika chini ya gunia. Nilikaa palepale chini nikalia. Viwili vimebaki vigumu, vina majani, ila havijatoa ua.

Naomba mnielekeze: nichimbe lini, nipande kina gani, kivulini au juani, na nitawagawiaje watu watano bila kuvimaliza? Kaka anaanza kazi Septemba.

MzeeWaKitalu

Marahaba binti, na pole kwa kufiwa na mama.

Kwa maelezo yako hilo ni *Scadoxus multiflorus*. Ni ua la Afrika hii hii, halikuletwa na meli, linaota lenyewe hata misituni. Kilichokuponza ni neno. Vuli uliyoisoma kwenye simu ni majira ya Ulaya na Marekani, Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapopukutika na baridi inaingia. Wafasiri wameazima jina la mvua zetu. Wenzetu wakati huo wanapanda tulipu, ambazo zimelala na zitachanua baridi ikiisha. Cha mama yako wakati huo ndipo kinaamka. Ulikichimba kikiwa kinatoa akiba yake yote kusukuma ua, ukakikata mizizi, kisha ukakipa maji kila jioni wakati hakina cha kunywea. Hapo kuoza ni lazima.

Achana na kalenda, fuata majani. Yakigeuka njano yenyewe na kulala chini, wakati wa kipupwe, Julai au Agosti huko kwenu, ndipo uchimbe. Tumia uma wa shamba, jembe litavipasua. Anzia shubiri moja kutoka kwenye shina, inua bonge zima na udongo wake, kisha likung'ute taratibu kwa mkono.

Panda siku hiyohiyo au wiki hiyo, shingo ya kitunguu iwe sawa na uso wa udongo. Mahali pawe na kivuli chepesi kama kile cha migomba, jua la asubuhi halina neno. Kama udongo wako unashika maji, changanya mchanga wa mto na samadi iliyooza kabisa, ile isiyo na harufu tena. Ukishapanda usimwagilie. Acha mvua ndiyo ikiamshe.

Na ujiandae: ua hili halipendi kusumbuliwa, mwaka wa kwanza linaweza kutoa majani tu. Usilifukue kulichungulia.

MamaWawiliNjiro

Dada yangu, pole. Mimi naongeza moja tu, ila ni kubwa. Vitunguu hivyo ni SUMU. Vinatapisha vibaya, kwa watu na kwa mifugo. Mimi niliviweka vyangu kwenye bakuli jikoni vikauke, nikamkuta binti anayenisaidia ameshamenya kimoja akatie kachumbari. Kisu kilikuwa mkononi. Tangu siku hiyo naviweka stoo, kwenye mfuko niliouandikia kwa maandishi makubwa. Huko Kibosho waambie pia majani yake yasichanganywe na majani ya ng'ombe wa ndani. Na ukimaliza kuchimba, nawa mikono kwa sabuni.

Dogo_Ngarenaro

Si ununue tu mapya? Vitalu vya barabarani vimejaa maua.

BintiKibosho

Asante mdogo wangu. Vitalu navijua, napita kila siku. Ninavyovitaka ni hivi alivyovipanda mama.

MchaggaCarolina

Nimesoma nikakumbuka kwetu Marangu. Naishi North Carolina, na huku kuna ua lenye historia inayofanana na hiyo. Ni *Lycoris radiata*, asili yake Asia ya mashariki. Huku wanaliita yungiyungi la kimbunga, kwa sababu Septemba, msimu wa vimbunga, mvua kubwa ikinyesha linachomoza ghafla, jekundu, bila jani hata moja. Inasimuliwa kuwa nahodha William Roberts alileta vitunguu 3 kutoka Japani mwaka 1854 hadi mji wa New Bern. Leo ukipita vijijini kusini huku utakuta yamesimama mstari mahali ambapo nyumba yenyewe ilishabomoka. Mengi yalitoka uwani kwa jirani kwenda uwani kwa jirani mwingine.

Nililonalo la kukusaidia ni hili: jirani yangu mmoja mama mzee huchimba yake majani yakishakufa, mwezi wa tano au wa sita, siyo wakati wa ua. Kwa hiyo Mzee hapo juu amesema kweli, majira yetu na yenu ni tofauti lakini kanuni ni ileile.

KoKibosho_Juu

Mwanangu, mimi nimegawa maua hayo kwa wakwe na majirani miaka mingi. Usigawe vyote siku moja. Vikubwa viwili au vitatu vibaki hapohapo kihambani, sogeza tu juu kidogo ambapo gari halifiki. Cha kwako kikifa Arusha na cha mdogo wako kikifa Dar, utarudi wapi kuchukua kingine?

Kitoto kinachoachia ukikigusa, hicho kimekomaa, mpe mtu. Kinachong'ang'ania mama yake usikivunje. Ukijeruhi kimoja, kipake majivu ya kuni pale penye kidonda, kilale kivulini siku tatu ndipo ukipande.

Tena kuna mbegu, watu wengi hawazijui. Ua likikauka, usikate bua. Zitatokea punje za kijani, baadaye nyekundu. Menya ile nyama, osha, panda zingali mbichi juujuu ya udongo, usizianike kama maharage. Ni miaka mitatu au zaidi mpaka uone ua, lakini wajukuu watapata.

Na kila kitunguu kichomekee kijiti. Kikilala hakionekani, na anayepalilia hana kosa akikipiga jembe. Mimi nilipoteza saba hivyo.

BintiKibosho

Aika sana, mama. Aika wote.

Narudi na taarifa. Jumamosi iliyopita, katikati ya Agosti, tulikwenda wote watano. Majani yalikuwa yamelala, mengine ukiyavuta yanatoka yenyewe. Kaka ndiye aliyeshika uma. Tulitoa vitunguu 23, wakati mimi nilidhani havizidi kumi, maana vingi vilikuwa vimebanana chini kwa chini. Vikubwa vitatu tumeviacha karibu na mfereji, na kaka mwenyewe amevichomekea vijiti vya msesewe. Hapa Sakina nimepanda vinne chini ya mparachichi, shingo juu. Sijamwagia hata tone.

Limebaki swali moja. Vile viwili vya mwaka jana navyo vimelaza majani. Mzee, nivitoe pale kwenye bomba au niviache, kwa kuwa umesema havipendi kusumbuliwa?

MzeeWaKitalu

Vitoe wiki hii. Pale panalowa mwaka mzima, vitaoza wakati vimelala. Vipeleke chini ya mparachichi na wenzao.