Kapiga magoti na tochi ya simu kutafuta mkwaruzo! Hawa wakodisha magari wa Geneva wamerogwa na nani?

Wakuu, naandika nikiwa uwanja wa ndege, mikono inatetemeka. Sitaji jina. Mnawajua. Wale wa kaunta ya rangi ile, foleni ndefu kuliko ya kitambulisho cha NIDA.

Nilikodi gari siku tatu nizunguke ziwa la Geneva. Uwanja huu una pande mbili, wa Uswisi na wa Ufaransa; nikajifanya mjanja, nikachukulia upande wa Ufaransa, bei iko chini. Lausanne nimefika, mashamba ya zabibu ya Lavaux nimeyaona yalivyoning'inia mlimani, ngome ya Chillon nimeingia, nikarudi kwa Evian na Yvoire. Raha tupu.

Kurudisha sasa! Ramani ikanitupa upande wa Uswisi. Kaunta rangi ileile, nembo ileile. Jamaa kaangalia funguo kama nimemkabidhi panya aliyekufa: "Si letu hili, la upande wa pili." Upande wa pili uko nyuma ya ukuta wake! Lakini kwa gari, lazima utokee mpakani Ferney-Voltaire, uingie Ufaransa, ndiyo urudi uwanja uleule kwa kibarabara chenye uzio.

Nimefika nimechelewa, jasho chapachapa. Ndipo akatoka yule mwingine. Akapiga magoti. Mtu mzima, suti imenyooka, kapiga magoti kwenye sakafu ya maegesho, tochi ya simu mkononi, kama anatafuta hereni ya marehemu bibi yake. Dakika kumi! Kaibuka na mkwaruzo mwembamba kama kope ya mtoto mchanga. Euro 380. Na akatabasamu!

Kwa mke wangu sikupiga magoti siku ya posa, huyu kapiga kwa bampa.

Dereva Mstaafu: Pole mkuu. Ulipiga picha gari kabla ya kuondoka?

Mleta mada: Nilipiga picha ziwa.

Dereva Mstaafu: 😂😂😂 Kalipe.

Shangazi wa Tandale: Hoteli za Geneva zinakupa kadi ya basi na tramu bure, wewe ukaenda kukodi gari. Ushamba una gharama.

Kijana wa Bern: Swali dogo. Magari ya upande wa Ufaransa mengi hayana stika ya barabara kuu za Uswisi. Ulinunua? Faranga 40 tu.

Mleta mada: Stika gani?

Kijana wa Bern: Mungu wangu. Kukutwa bila hiyo ni faranga 200, halafu unanunua na hiyo stika. Na Geneva mpaka Lausanne umepita barabara kuu bila shaka.

Mleta mada: Mkuu tusitoke nje ya mada. MAGOTI.

Dereva Mstaafu: Barua itakufuata nyumbani hiyo, wale wana subira.

Mpemba Halisi: Montreux umeiona sanamu ya Freddie Mercury? Mtoto wa Unguja yule, kazaliwa 1946, kasimama pale anaangalia ziwa.

Mleta mada: Nilikosa maegesho.

Mzee wa Kirumba: Nyie mnaita lile ziwa? Kilomita za mraba 580! Victoria lina zaidi ya 68,000. Sisi Mwanza hilo tunafulia nguo.

Kijana wa Bern: Lakini kina chake ni mita 310, mzee. La kwenu halifiki hata 100.

Mzee wa Kirumba: Kina utakila? Mimi nimelala foleni ya kivuko Kigongo usiku mzima na gari la samaki, barafu inayeyuka, kabla ya daraja. Mnaniletea habari za mkwaruzo!

Shangazi wa Tandale: Afadhali wewe barafu. Mimi jana nimeandikiwa deni la maegesho Kariakoo na gari lipo gereji wiki ya tatu.

Mleta mada: Jamani, mtu mzima kapiga magoti…

Dereva Mstaafu: Mzee wa Kirumba, hao samaki walikuwa sato au sangara?

Mzee wa Kirumba: Sato. Sangara ni wa wageni.

Kijana wa Bern: Huku kando ya ziwa tunauziwa vipande vya samaki vidogo kama vidole, na chipsi, bei ya mbuzi mzima.

Shangazi wa Tandale: Anayesema sangara si samaki hajala wa nazi.

Mzee wa Kirumba: Nazi kwenye samaki wa ziwa?! Mods, huyu afungiwe.