Mnaochoma DVD za sherehe, zijaribuni kwenye deki kabla ya kupokea hela za watu!

Wakuu, nina hasira tangu wiki iliyopita na leo nazitoa hapa.

Hapa Dar kila mtaa una studio ya video au stesheneri iliyobandika karatasi mlangoni: TUNACHOMA CD NA DVD. Wengi wao hawajui kuchoma DVD ya video. Wanajua kunakili faili na kulitupa kwenye diski, basi. Hiyo siyo DVD ya kuangalia, na tofauti yake nimeijua nikiwa nimekaa kwenye mkeka kwa mama yangu, Lushoto, mbele ya majirani sita.

Baba alifariki mwaka jana. Video pekee tuliyo nayo akiongea kwa kirefu ni ya harusi ya dada yetu, 2019, anampa binti yake nasaha kwa dakika kumi na moja. Mama hana simu ya kupangusa na hataki kuwa nayo. Ana TV ya chogo na deki. Kwa hiyo nikapeleka flashi studio na nikasema kwa mdomo wangu: nataka DVD ya kuchezwa kwenye deki, ni ya mama kijijini. Kijana akajibu, "Hamna shida kaka, pitia baada ya nusu saa." Diski tatu, moja ya mama, moja ya baba mkubwa, moja ya akiba. Elfu tano kila moja. Juu wamechapa picha ya baba na dada, zinapendeza kweli.

Nikapanda basi mpaka Lushoto. Mama alikuwa ameshawaambia watu. Amejifunga kanga mpya, chai ya tangawizi iko kwenye chupa, watoto wamekalishwa mbele. Naweka diski, deki inaivuta, inazunguka, inakoroma kidogo, inaandika NO DISC. Naweka ya pili, NO DISC. Ya tatu naifuta kwanza kwa shati, narudisha, hivyo hivyo. Mama akasema taratibu, "Labda umeme ni mdogo, mwanangu." Akainuka, akazima taa ya sebuleni ili umeme utoshe.

Hapo ndipo nilipoumia. Tukaweka diski yake ya kwaya ya siku nyingi, ikacheza bila kusita. Deki nzima kabisa. Majirani wakanywa chai, wakaaga.

Kesho yake nikashuka mjini, kwenye stesheneri moja, dada mwenye duka akanikubalia nikae mwenyewe kwenye kompyuta yake. Naifungua diski ya studio, ndani kuna faili moja tu la MP4. Nikaigeuza chini: mkanda uliochomwa ni mwembamba, umeishia karibu na tundu la katikati, sehemu yote iliyobaki haijaguswa. Video ya harusi nzima, dakika 96, ikipangwa vizuri kwa ajili ya deki inakula sehemu kubwa ya diski ya GB 4.7. Mtu anayefanya kazi hii kila siku alipaswa kuliona hilo kwa macho tu.

Nikasema basi nichome mwenyewe. Nyumbani nilizoea Windows 7, ile yenye Windows DVD Maker: unaweka video, inakutengenezea kila kitu. Ya yule dada ilikuwa Windows 10. Nimeitafuta hiyo programu mpaka dada akaniuliza nimepoteza nini. Haimo, iliondolewa tangu Windows 8. Nikaweka diski tupu, kompyuta ikauliza: unataka itumike kama flashi, au itumike na deki ya CD/DVD? Nani asingechagua deki? Nikachagua deki, nikachoma, nikapanda tena kwa mama.

Safari hii mama hakuita mtu.

NO DISC.

Wakuu, lile swali linawapoteza watu na naliandika hapa ili lisimpoteze mwingine. Ukichagua kama flashi, diski inaandikwa kwa mpangilio ambao deki nyingi haziujui kabisa. Ukichagua deki, diski inafungwa vizuri lakini faili lako linabaki vile vile lilivyokuwa. Kompyuta hailigeuzi kuwa video ya DVD. Nyimbo za MP3 ukizichoma hivyo zitapiga, kwa sababu deki nyingi zinasoma MP3, ndiyo maana watu wanadhani na video itakubali. Deki za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Zinatarajia picha iliyobanwa kwa mfumo wa MPEG-2, na kwa huku kwetu iwe ya PAL, mfumo wa picha wa TV zetu, ukubwa wa 720 kwa 576. Video za simu na kamera za siku hizi nyingi ni H.264, mfumo uliokuja 2003. Deki ya mama haina kosa lolote. Imeletewa kitu ambacho haikutengenezwa kukisoma.

Nilirudi stesheneri mara ya pili. Nikawasha intaneti ya simu, nikapakua DVDStyler, programu ya bure ya kutengeneza DVD ya video, nikachagua PAL, nikaiacha igeuze. Kompyuta ile ilichukua karibu saa mbili, na yule dada hakunidai hata senti ya ziada, Mungu ambariki. Nikachoma kwa kasi ya 4x nisije nikaharibu tena. Nilipoifungua nikaikuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB. Hiyo ndiyo DVD ya video. Ukipewa diski, ifungue kwenye kompyuta yoyote inayosoma DVD kabla hujalipa. Kama folda hiyo haipo na unataka ya deki, mrudishie pale pale. Na ukiwa na ImgBurn, programu nyingine ya kuchoma diski, kumbuka inachoma tu folda iliyokwisha kutengenezwa, haigeuzi MP4.

Jioni hiyo baba aliongea. Mama alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo, akamwangalia dakika zote kumi na moja bila kusema neno, halafu akaniambia nirudishe mwanzo.

Sasa sikieni jibu la studio. Nimewapigia, kijana yule yule ananiambia, "Kaka, hizo deki za zamani ndiyo shida, waambie wazee wanunue smart TV." Nilimwambia ni deki kabla sijampa hata flashi! Angesema hajui ningekwenda kwingine. Amechukua elfu kumi na tano, amechapa sura ya marehemu juu ya diski isiyocheza, na ananielekeza nimnunulie mama TV. Nimemuuliza hapo studio mna deki ya kujaribia? Hawana. Studio ya video, inauza DVD, haina deki hata ya mtumba!

Na siyo mimi peke yangu. Nani hapa hajawahi kupewa DVD ya kipaimara au ya send-off ikagoma kufunguka akafikiri ni deki yake? Wangapi wametupa deki nzima kwa sababu ya diski za hivi?

Nataka hela yangu. Zaidi ya hela, nataka waone. Nimeazima deki ya jirani hapa Tabata na TV ndogo. Jumamosi asubuhi naenda navyo, naomba soketi, nazichomeka pale kaunta mbele ya wateja wake, na diski zote tatu ataziweka yeye kwa mkono wake.