Leseni ya muda ya SLP, SSN na tarehe ya OPT

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.
Namaliza masters ya SLP (tiba ya usemi na lugha) hapa Marekani tarehe 10 Mei. Ofisi ya leseni ya jimbo imenirudishia maombi ya leseni ya muda kwa kuwa sina SSN (namba ya hifadhi ya jamii), na SSN inasubiri EAD (kadi ya kibali cha kazi). Shule iliyonipa nafasi ya CF (kipindi cha kwanza cha kazi chini ya msimamizi) inafungua 18 Agosti. Je, kiapo cha kutokuwa na SSN kinakubalika?
Rehema

---

Rehema mdogo wangu, pole. Kabla ya SSN, umeomba OPT (ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake baada ya masomo) ianze lini? Ukiandika 11 Mei, hadi 18 Agosti ni siku 99 bila kazi, na mwisho ni 90. Sheria inakuruhusu kuanza hadi siku 60 baada ya kumaliza, yaani 9 Julai. Hapo unapoteza siku 40 tu. CF ni wiki 36 na saa 1,260, inaenea ndani ya miezi 12 ya OPT. Ukifanya zaidi ya saa 35 kwa wiki hupunguzi hizo wiki 36, na wiki yenye chini ya saa 5 haihesabiwi kabisa. DSO (ofisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni) akishaingiza pendekezo lake SEVIS (mfumo wa serikali wa wanafunzi hao), I-765 (fomu ya kuomba EAD) ifike USCIS (idara ya uhamiaji) ndani ya siku 30. Wengi huangukia hapo.
Mama Zuhura

---

Mama Zuhura, hilo siyo aliloulizwa. Rehema, kama una kazi ya chuoni usisubiri EAD. Chukua barua ya DSO, barua ya mwajiri, I-20 (hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni), I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na pasipoti, jaza SS-5 (fomu ya kuomba SSN), nenda ofisi ya Social Security. CPT (ruhusa ya kazi ya mafunzo kabla hujamaliza masomo) nayo inatosha, na haina madhara yoyote kwa OPT.
Kaka wa Houston

---

Kaka, usiwapotoshe watoto wa watu! CPT ya muda wote ikifika miezi 12 inafuta OPT ya ngazi hiyo. Kwa SLP ni nadra, ila kwa sisi wa odiolojia (tiba ya usikivu) ndiyo mtego wenyewe: AuD, shahada yetu ya udaktari, kwa kawaida ni miaka minne na mwaka wa nne wote ni mafunzo ya kliniki. Mwambie DSO aandike tarehe za CPT zisizotimiza mwaka. Halafu mtu wa H-1B (viza ya kazi) asisahau VisaScreen (cheti cha uhamiaji cha wahudumu wa afya). Inadaiwa hata ukiwa umesoma Marekani.
Baba Imani

---

Nimesema miezi 12? Nimezungumzia SSN. Na mbona kila mtu anaambiwa akimbilie H-1B ya shule za umma kana kwamba zimesamehewa kile kikomo cha idadi ya viza hizo kwa mwaka? Msamaha ni wa vyuo vikuu, taasisi zisizo za faida zilizofungamana navyo, na taasisi za utafiti zisizo za faida au za serikali. Wilaya ya shule peke yake inaingia bahati nasibu.
Kaka wa Houston

---

Tupoe jamani. Rehema, muulize msimamizi wako wa CF mapema: awe na CCC (cheti cha ASHA, chama cha wataalamu wa fani hii Marekani), awe amefanya kazi angalau miezi tisa tangu aipate, na saa mbili za mafunzo ya usimamizi. Akikosa kimoja, ASHA haihesabu muda wako.

Na ukifika hiyo shule utaletewa watoto wetu. Mtoto anayesema "helpu" au "buku" hana ugonjwa, amezoea maneno yanayoishia na irabu. Tatizo la kweli la lugha huonekana katika lugha zote mbili, kwa hiyo mpime kwa Kiswahili pia: mwoneshe picha, asimulie, sikiliza kama anasema "viti vimevunjika" au anabaki na "kiti".
Mama Zuhura

---

Hapo nakataa, dada. Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi kimepunguza upatanisho wa ngeli. Mtoto wa Kongo ukimpima kwa sarufi ya Dar utamwandikia ulemavu asio nao, na karatasi hiyo itamfuata darasa hadi darasa. Muulize mama yake kwanza: kaka na dada zake wa umri huo walikuwa wanasemaje, na yeye mwenyewe nyumbani anasemaje?
Wa Kivu