Mkuu wa polisi wa wilaya ahojiwe na madiwani? Tujadili

Mtoa mada (Mjini, Unguja):
Ndugu zangu, polisi ni jambo la Muungano tangu 1964, na limo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. IGP, mkuu wa jeshi zima la polisi, anateuliwa na Rais wa Muungano. Kamishna wa Polisi Zanzibar yuko makao makuu Ziwani, chini yake makamanda wa mikoa yetu mitano, kisha wakuu wa polisi wa wilaya. Serikali za mitaa ni jambo letu wenyewe. Pande hizi mbili hukutana kwenye kamati ya ulinzi na usalama, inayoongozwa na mkuu wa mkoa au wa wilaya, naye ni mteuliwa, na vikao vyake ni vya faragha. Diwani tuliyempigia kura ananufaika nini hapo?

Litazameni soko la Darajani. Askari wa manispaa wanawaondoa wachuuzi kwa sheria ndogo za baraza, trafiki wanapanga magari kwa amri ya jeshi lao. Njia moja, wakubwa wawili. Mwenye duka akiibiwa anamlilia diwani, na diwani anakwenda kituoni kuomba hisani tu.

Sitaki meya ateue polisi. Nataka mkuu wa polisi wa wilaya aje barazani kila robo mwaka, kikao cha wazi, atwambie kesi ngapi za wizi na za udhalilishaji wa wanawake na watoto zimefunguliwa, ngapi zimefika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, ngapi zimekwama na kwa nini.

Askari mstaafu, Mwanakwerekwe:
Kijana wangu, nia yako njema lakini utatuharibia jeshi. New York meya ndiye anayemweka na kumwondoa kamishna wa polisi. Chicago meya anateua, madiwani wanathibitisha. Ila miji ile inawalipa askari wake kwa kodi zake, na mkuu wa polisi kule daima anautazama uso wa meya. Hapa manispaa haimlipi askari mshahara. Diwani atasimama barazani kumtetea mpwa wake aliyekamatwa na bangi, na mkuu wa polisi ataogopa kumkatalia mbele ya watu. Siasa zetu munazijua.

Mkaazi wa Chake Chake:
Mzee wangu, shikamoo. Siasa zimo polisi tayari. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi hapa Pemba na huko Unguja, wakafa watu, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Baraza gani la huku liliweza kumwita kamanda likamuuliza nani katoa amri? Kwangu mimi kuja kusoma takwimu hakutoshi. Baraza liwe na haki ya kuomba kwa maandishi mkuu wa polisi aondolewe, na lijibiwe kwa maandishi.

Mama wa Jang'ombe:
Nyinyi munazungumza makamanda, mimi nazungumza watoto. Kesi ya mtoto wa jirani yangu ilizungushwa kituoni, njoo kesho, njoo kesho, mpaka wazee wa pande mbili wakaimaliza kwa muhali, kwa kuoneana haya. Tunaambiwa tuna polisi shehia, na sheha anayeongoza shehia. Sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa, hatukumchagua sisi. Akinyamaza, nimwendee nani? Kama diwani anaweza kuuliza hadharani kwa nini kesi za watoto hazifiki mahakamani, basi na aulize, hata kama swali jengine litakuwa la mpwa wake.

Mtoa mada:
Mama, hilo lako ndilo lililonifanya nianzishe mjadala huu. Mzee, hofu yako ya mpwa ni ya kweli kabisa. Dawa yake ni kanuni ya kikao: hakuna jina la mtuhumiwa wala la mlalamikaji, na anayelitaja anatolewa nje. Upelelezi ubaki kwa polisi. Ndugu wa Chake, haki ya kuomba aondolewe naiogopa, maana chama chenye madiwani wengi kitaitumia dhidi ya mkuu wa polisi anayekikatalia. Kumwita na kumuuliza hakuhitaji kugusa Katiba. Kunahitaji IGP aridhie na baraza liandike kanuni zake.

Mkaazi wa Chake Chake:
Na akiitwa asije?

Mtoa mada:
Kumbukumbu za kikao ziandike kwamba aliitwa na hakuja, zibandikwe nje ya ofisi ya baraza, na nakala ipelekwe kwa Kamishna Ziwani.

Askari mstaafu:
Hilo la kubandika silikubali. Askari hadhalilishwi ukutani. Nakala kwa Kamishna, sawa.