Jibu: Ratiba ya siku ukihamia Mbeya

Dada, karibu sana. Umeuliza uipangeje siku yako ukihamia Mbeya kutoka Mombasa kwa ajili ya shule. Kaka aliyekujibu jana kakupangia siku saa kwa saa na imependeza, ila hiyo ni ratiba ya Mombasa. Huku itakushinda mapema.

Anza na jua. Saa ya Mombasa na ya Mbeya ni moja, lakini Mbeya iko mbali magharibi, na kusini zaidi. Juni na Julai jua linachomoza kwenye saa moja asubuhi, zaidi ya nusu saa baada ya Mombasa. Ukipanga kutembea saa kumi na mbili utatembea gizani, na baridi ya mita 1,700 hivi juu ya bahari si ya mchezo. Mimi siku yangu inaanzia Alfajiri. Nikishaswali silali tena: nabandika maji ya kuoga kwenye jiko la mkaa uani (uani, dada, usiliingize chumbani hata baridi ikuume vipi), na yakianza kutoa mvuke huku nje kunapambazuka. Majira yakibadilika, swala inasogea na jua, nami nasogea nayo. Sigusi kengele ya simu.

Shughuli za peke yako usizitegemee sana. Mvua ikishika, Novemba mpaka Aprili, mazoezi unayaahirisha leo, kesho, basi. Tafuta mbili tatu ambazo usipotokea utaulizwa. Mimi nina kikoba cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kila Alhamisi saa kumi jioni. Ukichelewa faini, na mweka hazina wetu hana aibu, anakudai mbele ya wote. Kwa sababu hiyo kazi za Alhamisi nazimaliza mchana. Naona faini ile imenipanga kuliko daftari lolote.

Jumamosi ni soko, Mwanjelwa au Soweto: viazi, maharage, parachichi, mchele wa Kyela. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, maduka mengi hufunguliwa saa nne, kwa hiyo usidamke bure.

Simu ya nyumbani nayo ipe siku yake. Ukipiga kila jioni, mwezi wa kwanza wote mwili uko Mbeya, roho iko Kisauni, na majirani hutawajua.

Hujasema shule iko upande gani. Uyole au Iyunga? Nikijua nitakwambia utoke saa ngapi kuwahi daladala.